Ulinzi wa chipu kwa mitandao ya kasi ndani ya gari: maswali ya mafundi na wanafunzi wa Tanga

Ukurasa huu ni wa mafundi umeme wa magari, wanafunzi wa elektroniki na wenye magari wa Tanga. Maswali yamepangwa kwa jinsi yanavyoulizwa gereji. Kama shida yako ni gari lililokataa kontrolboksi ya mtumba, au mtandao unaokatika kila mvua ikinyesha, shuka moja kwa moja hadi maswali ya katikati.

Mtandao wa ndani ya gari ndio upi?

Ni nyaya zinazounganisha kontrolboksi za gari: ya injini, ya breki, ya milango, ya taa, ya redio, ya kamera. Mtandao uliozoeleka zaidi ni CAN, uliobuniwa na kampuni ya Bosch kuanzia mwaka 1983 na kutangazwa mwaka 1986. Ni nyaya mbili zilizosokotwa, kasi yake haizidi megabiti 1 kwa sekunde, na kila ujumbe hubeba baiti 8 tu za data. Ndugu yake, CAN FD wa mwaka 2012, hubeba baiti 64.

Kwa kufungua mlango au kuwasha taa, kasi hiyo inatosha na kusaza. Kwa kamera haitoshi hata kidogo. Piga hesabu: picha ya nukta 1280 kwa 800, biti 12 kwa kila nukta, picha 30 kwa sekunde, ni karibu megabiti 369 kwa sekunde kabla data haijabanwa. Ndiyo maana magari mapya yameingiziwa Ethaneti (mtandao wa waya kama ule wa kompyuta za ofisini) ya jozi moja ya waya: 100BASE-T1 ya megabiti 100 (mwaka 2015), 1000BASE-T1 ya gigabiti 1 (mwaka 2016), na tangu mwaka 2020 kuna za gigabiti 2.5, 5 na 10.

Magari yetu ya mtumba kutoka Japani yana Ethaneti hiyo?

Mengi yaliyoko barabarani Tanga leo hayana. Yanategemea CAN, na yale ya zamani zaidi yana nyaya za moja kwa moja. Ethaneti hupatikana zaidi kwenye magari ya miaka ya karibuni yenye kamera za pande zote, rada na skrini kubwa.

Lakini yanakuja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 155, inayomtaka mtengenezaji athibitishe kwamba gari limekingwa dhidi ya uvamizi wa kompyuta, ilianza kutumika Januari 2021. Ulaya ikaifanya lazima kwa aina mpya za magari kuanzia Julai 2022, na kwa kila gari jipya kuanzia Julai 2024. Japani nayo inaifuata. Gari la mwaka 2023 likishatumika kwao miaka michache, litashushwa huku likiwa na kufuli hizo zote, na fundi asiyezijua atabaki kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Kuitambua: tafuta jozi moja ya nyaya nyembamba zilizosokotwa kwa kubana, inayotoka boksi moja na kwenda boksi jingine bila tawi lolote njiani. CAN hutawanyika kwa matawi. Ethaneti ya 100 na ya 1000 haina tawi.

Udhaifu wa CAN ni upi hasa?

CAN haina sahihi ya mtumaji. Ujumbe una namba inayoeleza ni wa kitu gani, lakini hauelezi umetoka kwa nani. Kontrolboksi yoyote, au kifaa chochote kilichogusishwa kwenye zile nyaya mbili, kinaweza kusema "ufunguo umehakikiwa", na wasikilizaji wote wakaamini.

Wezi wa magari walilijua hilo mapema. Mwaka 2022 huko London Toyota RAV4 moja iliibwa kwa njia iliyochambuliwa hadharani mwaka uliofuata: mwizi anavuta bampa, anachomoa soketi ya taa ya mbele, anaunganisha kifaa kidogo kilichofichwa ndani ya spika ya mkononi, na kifaa kinatuma ujumbe wa uongo kwamba ufunguo halali upo. Kifaa hicho pia kiliushikilia waya ili boksi nyingine zisipate nafasi ya kupinga. Mlango unafunguka, injini inawaka, gari linaondoka. Rimoti haikuguswa wala kunakiliwa.

Tatizo si taa. Tatizo ni kwamba waya wa taa, ulio nje ya gari, uliwekwa katika mtandao mmoja na boksi ya ufunguo, na mtandao wenyewe hauulizi mtu kitambulisho.

Basi waweke programu ya ulinzi ndani ya kontrolboksi. Kwa nini mpaka chipu?

Kwa sababu mbili, na zote ni nzito.

Ya kwanza ni kasi. Kwenye waya wa gigabiti 1 fremu ndogo (vifurushi vya data) zikifuatana bila nafasi hufika karibu milioni 1.49 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya mikrosekunde moja kwa kila fremu. Prosesa ya kawaida ya gari ikiambiwa ihakiki muhuri wa kila fremu (alama ya siri inayothibitisha mtumaji) kwa programu tu, itakuwa haina muda wa kazi yake yenyewe, na yenyewe ndiyo inayosoma rada.

Ya pili ni siri. Ufunguo, yaani namba ya siri inayotengeneza mihuri, si ule wa mlango, ukikaa kwenye kumbukumbu ya kawaida husomwa na yeyote aliyefanikiwa kuingiza programu yake ndani ya boksi. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani waliingia kwenye Jeep Cherokee kwa mbali kupitia redio yake, wakabadilisha programu ya chipu iliyounganisha redio na CAN, wakafika hadi kwenye usukani na breki. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa. Ufunguo ukikaa ndani ya kisehemu cha chipu ambacho hata prosesa kuu haiwezi kukisoma, mvamizi aliyeiteka prosesa anaweza kuutumia ufunguo kwa wakati ule, lakini hawezi kuuchukua na kuondoka nao. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika: gari moja limevamiwa, si kundi zima.

SHE na HSM ni vitu gani?

Ni hivyo visehemu vya chipu vya kutunzia funguo. SHE ni kiwango cha kiufundi cha mwaka 2009 kilichotoka kwa watengenezaji wa magari wa Ujerumani: mashine ndogo ya AES (njia ya kuficha data kwa ufunguo) ya biti 128, nafasi kumi za funguo za kawaida, ufunguo mkuu, ufunguo wa kuhakiki programu wakati wa kuwaka, na namba ya utambulisho ya chipu yenye biti 120. HSM ni kaka yake mkubwa: ina prosesa yake, kumbukumbu yake, kizalisha namba nasibu, na mara nyingi hesabu za funguo za umma.

Kwa fundi, kikubwa cha kukumbuka ni kwamba ufunguo huingia na hautoki. Hakuna amri ya kuusoma. Hata kuubadilisha kunahitaji ujumbe uliotengenezwa kwa ufunguo wa zamani au ufunguo mkuu, wenye kihesabio ambacho lazima kipande kila mara.

Nimefunga kontrolboksi ya mtumba, namba ya kipuri ni ileile, gari limekataa. Imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa. Inajibu kwa funguo za gari ilikotoka. Kila ujumbe inaotuma unabeba muhuri uliopigwa kwa ufunguo wa gari lile, na wenzake wa gari hili wanautupa. Dalili zake ni hizi: boksi inaonekana kwenye mashine ya dayagnosisi, inataja namba yake na toleo la programu vizuri, lakini boksi nyingine zinalalamika kwamba hazipati data kutoka kwake au data yake si halali.

Kabla hujatoa pesa ya kipuri cha pili, soma jibu la boksi unapojaribu kuiandika. Majibu ya kukataa yana namba, na namba hizo zinasema mengi:

0x33 ni kwamba hujafungua kufuli ya ulinzi. 0x35, ufunguo uliotuma si sahihi. 0x36, umejaribu mara nyingi mno. 0x37, subiri, muda wa adhabu haujaisha. Ukiona 0x37, acha swichi ikiwa imewashwa, betri iwe kwenye chaja, usubiri muda huo upite. Mafundi wengi huzima na kuwasha, na boksi nyingi huanza kuhesabu muda upya kila zinapowashwa, kwa hiyo wanasubiri mchana kutwa bila faida. Kwenye magari mapya zaidi utakutana na 0x34: boksi inataka cheti cha mashine yenyewe, na hapo mashine ya bei nafuu haiwezi kusaidia kwa namna yoyote.

Njia halali ni kununua boksi tupu isiyo na funguo na kuisajili kwa huduma ya mtengenezaji kupitia intaneti, betri ikiwa imeshikiliwa na chaja isiyoshuka chini ya volti 12.5 muda wote. Ikizimika katikati ya kuandika funguo, unaweza kubaki na boksi iliyoandikwa nusu, na nusu hiyo haifutiki. Anayekwambia "nitanakili funguo kutoka boksi ya zamani" kwenye gari lenye HSM nzima, mwombe akuonyeshe kwanza kwenye boksi yake.

MACsec ndiyo nini?

Ni ulinzi wa Ethaneti uliowekwa kwenye kiwango cha kiufundi IEEE 802.1AE tangu mwaka 2006. Unafanya kazi kwenye kila kipande cha waya peke yake: boksi mbili zilizo kwenye ncha mbili za waya mmoja zina ufunguo wa pamoja, na kila fremu inayopita katikati yao hupigwa muhuri. Ukitaka, inafichwa pia.

Fremu huongezewa kichwa cha baiti 8 au 16 chenye namba ya fremu, na mwishoni baiti 16 za muhuri. Kwa jumla ni baiti 24 hadi 32. Namba ya fremu hupanda kila mara, kwa hiyo aliyerekodi fremu ya jana hawezi kuirudisha leo: mpokeaji ataona namba imepitwa na ataitupa.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba swichi ya mtandao iliyo katikati (boksi inayogawa data kwa nyaya kadhaa) hufungua kila fremu, huisoma, kisha huipiga muhuri mwingine kwa ajili ya waya unaofuata. Ndani ya swichi data iko wazi. Swichi ikitekwa, MACsec yote inayopita humo haina maana. Kwa amri za usukani na breki, weka muhuri mwingine wa juu unaotoka boksi ya mwanzo hadi ya mwisho.

Huo muhuri wa juu ndio SecOC?

Ndiyo. SecOC ya AUTOSAR (muungano wa watengenezaji unaoweka viwango vya programu za magari) hupiga muhuri ujumbe wenyewe, hivyo unapita CAN, unapita swichi, unafika ulikokusudiwa ukiwa na muhuri uleule. Kwenye CAN ya baiti 8 nafasi ni finyu, kwa hiyo muhuri hukatwa: mpangilio mmoja unaotumika sana hubakiza biti 24 za muhuri na biti 8 za kihesabio. Baiti 4 zimekwenda kwa ulinzi, baiti 4 zimebaki kwa data. Biti 24 si nyingi, lakini mvamizi hana njia ya kujaribu ila kwenye waya wenyewe, na boksi iliyopangwa vizuri itakuwa imeona makosa mengi kabla hajabahatisha.

Unawezaje kutengeneza MACsec ya chipu isiyokula nafasi na umeme bure?

Swali hili huulizwa na wanafunzi, na ndilo lenye utamu zaidi. MACsec hutumia AES-GCM: AES huficha data, na kuzidisha kwa namba za biti 128 hutengeneza muhuri. Ni mashine mbili zinazokwenda sambamba. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuijenga kila moja kwa kasi ya juu kabisa inayowezekana, kisha kukuta moja inaisubiri nyingine.

Anza na waya. Gigabiti 1 kwa sekunde ni vipande milioni 7.8 vya biti 128 kwa sekunde. AES ya ufunguo wa biti 128 ina mizunguko 10. Ukijenga saketi ya mzunguko mmoja na kuitumia tena na tena, kipande kimoja kitachukua mipigo 11 hivi ya saa. Milioni 7.8 mara 11 ni megahezi 86. Kwa hiyo saketi moja ndogo kwenye megahezi 100 inashika gigabiti 1 bila jasho. Sasa kizidishi: kizidishi kamili cha biti 128 kwa 128 kinamaliza kwa mpigo mmoja, lakini kitakaa bure mipigo 10 inayobaki, huku kikiwa kimekula eneo kubwa la chipu. Kizidishi kinachosindika biti 16 kwa mpigo humaliza kwa mipigo 8. Kinaingia ndani ya zile 11 na nafasi inabaki. Hapo umepata chipu ndogo, na kasi haijapungua hata kidogo.

Kwa gigabiti 10 hesabu ni nyingine. Vipande ni milioni 78 kwa sekunde, na kwenye megahezi 200 una mipigo miwili na nusu tu kwa kipande. Hapo huna budi kufungua mizunguko ya AES iwe mkondo, yaani saketi kadhaa zinazopokezana vipande, na kizidishi kiwe kipana.

Kuna akiba nyingine tatu ambazo hazipaswi kuachwa. GCM hutumia AES upande wa kuficha tu, hata wakati wa kufichua, kwa hiyo saketi ya kugeuza nyuma haihitajiki kabisa. Funguo za mizunguko zinaweza kukokotolewa papo kwa papo badala ya kuhifadhiwa: biti 128 kwa kila ufunguo badala ya biti 1,408. Na swichi yenye milango mitano ya megabiti 100 haihitaji mashine kumi. Kwenda na kurudi kwa milango yote ni gigabiti 1, kwa hiyo mashine moja ya gigabiti 1 inaihudumia yote kwa zamu.

Kuna eneo moja ambalo hatushauri kubana kabisa: kumbukumbu ya kuhifadhi fremu inayoingia. Muhuri uko mwishoni mwa fremu, hivyo mpokeaji lazima aishike fremu nzima hadi muhuri uhakikiwe. Miundo inayoachia baiti za mwanzo zipite kabla ya uhakiki huokoa mikrosekunde chache na kuvunja kazi nzima, kwani data ya uongo inakuwa imeshafika.

Je, inachelewesha breki?

Baiti 32 za ziada kwenye megabiti 100 ni mikrosekunde 2.56. Kwenye gigabiti 1 ni robo ya mikrosekunde. Kuishika fremu kubwa nzima kwenye megabiti 100 ni mikrosekunde 123 hivi. Breki haitahisi.

Kinachoumia ni nafasi ya waya pale fremu zinapokuwa ndogo. Fremu ya baiti 64, pamoja na utangulizi na pengo lake, huchukua nafasi ya baiti 84. Na MACsec inakuwa 116, yaani asilimia 38 zaidi. Fremu kubwa kabisa huongezeka kwa asilimia 2 tu. Anayetuma ujumbe mdogo mdogo, aukusanye katika fremu moja kabla ya kulalamikia ulinzi.

Ucheleweshaji unaouma kweli ni wa kuwaka. Itifaki ya kukubaliana funguo, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutuma salamu kila baada ya sekunde 2. Ofisini si kitu. Kwenye gari, sheria ya Marekani inataka picha ya kamera ya nyuma ionekane ndani ya sekunde 2 baada ya kuingiza rivasi. Kwa hiyo kwenye gari muda wa salamu hufupishwa sana, au funguo huandaliwa mapema zisubiri ndani ya HSM. Ukiona kamera ya nyuma inachelewa kila asubuhi, kisha inakwenda vizuri siku nzima, fikiria hili kabla ya kulaumu kamera.

Namba ya fremu ikiisha inakuwaje?

Namba ya biti 32 hufika kikomo baada ya fremu bilioni 4.29. Kwenye gigabiti 1 iliyojaa fremu ndogo zenye nyongeza ya MACsec, hiyo ni saa moja na dakika chache. Kwenye gigabiti 10 ni dakika sita na ushei. Kabla haijafika, lazima ufunguo mpya uwe tayari, maana kutumia ufunguo uleule na namba ileile mara mbili kwenye GCM humpa mvamizi mlango wa kughushi mihuri. Hili si jambo la kupuuzwa kwa hoja kwamba "litatokea mara moja tu": mara moja inatosha. Kwa kasi za juu tumia namba ndefu ya biti 64, iliyoongezwa kwenye kiwango hicho mwaka 2013.

Hatari hiyohiyo hujificha kwenye kuwaka upya. Boksi ikizimika ghafla, kisha ikaanza tena kuhesabu kutoka 1 kwa ufunguo wa jana, imerudia namba zote. Kila kuwaka, ufunguo mpya.

Mtandao unakatika. Ni waya au ni ufunguo?

Usianze na kompyuta. Kwa hali ya hewa ya Tanga, yenye upepo wa chumvi, anza na soketi. Magari yanayolala karibu na bahari, Raskazone na maeneo yake, huota kutu ya kijani kwenye pini za soketi za taa na za bampa. Kutu hiyo huongeza ukinzani kwenye pini, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme kutoka pini moja hadi jirani yake.

Kwa CAN: ondoa nyaya za betri, subiri dakika kadhaa boksi zilale, pima kati ya pini 6 na pini 14 za soketi ya dayagnosisi. Ohmu 60 ni sawa, maana kuna vikinzani viwili vya ohmu 120 kwenye ncha mbili. Ohmu 120 ni kwamba ncha moja imekatika. Ohmu chache sana ni kwamba nyaya zimegusana. Kwenye gari ambalo geti yake (boksi inayounganisha mitandao ya gari) imetenga soketi hiyo na mitandao ya ndani, kipimo hiki hakielezi kitu kuhusu mitandao iliyo nyuma ya geti. Pima kwenye soketi ya boksi yenyewe.

Kwa Ethaneti usitafute ohmu 60, hutaziona. Ndani ya boksi kuna kapasita zinazozuia umeme wa moja kwa moja, na multimita yako itakudanganya. Tumia mashine ya dayagnosisi inayosoma ubora wa mawimbi, unaopimwa kuanzia 0 hadi 7. Kisha tazama hivi.

Waya umeungana, ubora uko juu, ila data haipiti: shaka iende kwenye funguo. Waya unaungana na kuachana, ubora uko chini, hasa gari likitikisika au baada ya mvua: ni soketi au waya. Waya haungani kabisa ingawa ni mpya: angalia kama boksi zote mbili zimepangwa kufuata, hakuna ya kuongoza. Kwenye 100BASE-T1 lazima moja iongoze saa na nyingine ifuate.

Vihesabio vya MACsec navyo husaidia, kama mashine yako inavionyesha. Mihuri batili ikipanda, funguo hazilingani au kuna mtu anachezea waya. Waya mbovu peke yake haupandishi kihesabio hicho, kwa kuwa fremu iliyoharibika njiani hutupwa na ukaguzi wa kawaida wa Ethaneti kabla haijafika kwenye MACsec. Kipimo hiki kimoja kinatenganisha kazi ya fundi waya na kazi ya fundi programu.

Ukiunga jozi ya Ethaneti, usiifumue zaidi ya inavyolazimu, unga nyaya zote mbili kwa urefu uleule, na usokote tena mpaka karibu na kiungo. Kuunga kwa kuzungushia na kufunika kwa tepu, kunakovumilika kwenye waya wa honi, hapa hakufai. Pini zilizoota kutu zisafishwe kwa spiriti ya isopropili, zikauke kabisa, na mpira wa soketi upakwe grisi ya silikoni.

Wafunga vifaa vya kufuatilia gari hugusisha waya wao kwenye CAN. Kuna hatari?

Ipo. Kifaa hicho kina laini ya simu, na sasa kimepewa sauti kwenye mtandao usiouliza kitambulisho. Kama kinahitaji tu umeme na mahali gari lilipo, kipewe umeme na erthi, kisiguse CAN. Kama lazima kisome mafuta au mwendo, tumia kisomaji kinachopokea mawimbi bila kugusa shaba ya waya, na tawi lolote lisizidi sentimita 30.

Gari langu ni la zamani, halina HSM. Nifanyeje?

Huwezi kuongeza HSM kwenye kontrolboksi isiyoletwa nayo. Unachoweza ni kumnyima mwizi muda. Funga swichi ya siri kwenye waya mwembamba wa kuamsha stata, kwa rilei ya volti 12, ampea 30: pini 30 na 87 zikate waya huo, pini 85 erthi, pini 86 ipate umeme kupitia swichi iliyofichwa. Usikate pampu ya mafuta wala moto wa injini. Rilei ikichoka ukiwa kwenye mteremko wa Lushoto, injini itazimika na usukani utakuwa mzito. Kwa stata, baya litakalotokea ni gari kutowaka.

Kwa magari ya kuwaka kwa kitufe, funika soketi ya taa ya mbele na nyaya zake kwa kinga ya chuma au plastiki ngumu yenye nati. Mwizi wa njia ile hutegemea dakika chache.

Nataka kujaribu mwenyewe. Nianze na nini?

Kompyuta mbili ndogo zenye Linux na waya wa Ethaneti wa kawaida zinatosha. MACsec imo ndani ya Linux tangu kerneli (kiini cha Linux) 4.6 ya mwaka 2016. Kwenye kila moja:

ip link add link eth0 macsec0 type macsec encrypt on

ip macsec add macsec0 tx sa 0 pn 1 on key 01 (herufi 32 za heksi, yaani 0 hadi 9 na a hadi f)

ip macsec add macsec0 rx port 1 address (anwani ya MAC ya mwenzake)

ip macsec add macsec0 rx port 1 address (anwani hiyohiyo) sa 0 pn 1 on key 02 (ufunguo wa kutuma wa mwenzake)

Ufunguo wa kutuma wa kompyuta moja ndio wa kupokea wa nyingine, kwa hiyo upande wa pili namba 01 na 02 zinabadilishana. Washa macsec0 kwa "ip link set macsec0 up", ipe anwani ya IP kila upande, kisha jaribu kwa amri ya ping kuona kama mwenzake anajibu. Angalia ukubwa wa fremu: utaona 1468 badala ya 1500, na zile baiti 32 zilizopungua ndizo gharama tuliyoihesabu juu. Sasa badilisha herufi moja ya ufunguo upande mmoja na usome vihesabio kwa "ip -s macsec show". Mihuri batili itapanda huku waya ukionekana mzima kabisa, kama utakavyoiona kwenye gari lenye boksi ya mtumba.

Kwa CAN anza na vcan ya Linux (CAN ya kuigiza), isiyohitaji kifaa chochote, na zana za candump (ya kusoma ujumbe) na cansend (ya kutuma). Ukinunua moduli za MCP2515 (chipu ya kuunganisha kompyuta ndogo na CAN), soma namba iliyoandikwa kwenye kristali kabla ya kupanga programu. Nyingi ni za megahezi 8 na mifano mingi ya programu imeandikwa kwa 16, na hapo kasi inatoka nusu na hakuna ujumbe utakaosomeka. Fanya majaribio mezani, kamwe si kwenye gari la mtu linalotembea.